Kikapu, Pete na Wavu: Historia Fupi ya Maneno ya Mashabiki

Katika kazi ya kusanifu istilahi tumezoea kuanza na orodha. Maneno ya kigeni hupangwa upande wa kushoto wa karatasi, kamati huketi, na upande wa kulia hujazwa neno baada ya neno. Njia hiyo imefaa sana katika fani kama sheria, benki na fizikia, ambazo wataalamu wake wanajulikana na wanaweza kuitwa mkutanoni. Michezo haikungoja utaratibu huo. Mashabiki hubishana kila siku, wala hawawezi kuahirisha ubishi mpaka kamati ikutane. Wakikosa neno hulikopa, au hulihamisha kutoka katika shughuli nyingine, au huliunda papo hapo. Na lifaapo, kesho yake hukutwa midomoni mwa watu wengine.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maneno hayo yalivyopatikana, hasa yale ya mpira wa kikapu wa kulipwa. Mifano kadhaa imetoka Nshamba, wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, ambako mwandishi alipata kusikiliza mazungumzo ya mashabiki barazani tangu 2009. Nshamba ni mahali pa migomba na kahawa, mbali na viwanja vikubwa. Mchezo wa ligi za mbali hufika huko kwanza kama habari, yaani kama maneno, kabla ya kuonekana kwa macho. Kwa sababu hiyo neno baya hugundulika upesi: msikilizaji hana picha ya kumsaidia.

Mpira na watoto wake

Yafaa tuanze na neno mpira lenyewe. Katika kamusi za zamani neno hili ni jina la mti na la utomvu wake, kisha la kitu chochote kilichotengenezwa kwa utomvu huo. Kutoka hapo likawa jina la kitu cha duara cha kuchezea, na hatimaye jina la mchezo wenyewe. Mchezo uliotangulia kuenea ndio uliorithi jina lote: mtu akisema amekwenda kutazama mpira, hakuna anayemwuliza mpira gani. Michezo mingine iliyofuata ililazimika kujitambulisha kwa nyongeza: mpira wa mikono, mpira wa meza, mpira wa kikapu, mpira wa pete, mpira wa wavu.

Hayo matatu ya mwisho yana historia ya kuvutia. Mpira wa kikapu ulibuniwa mwezi Desemba 1891 na James Naismith, mwalimu katika chuo cha YMCA mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani. Alihitaji mchezo wa kuchezwa ndani ya ukumbi wakati wa baridi. Alitaka visanduku viwili. Mtunza jengo akamletea vikapu viwili vya kuwekea matunda. Vikapu hivyo vilipigiliwa misumari kwenye roshani, kimo cha futi 10, yaani mita 3.05, na kimo hicho hakijabadilika mpaka leo. Kila mpira ulipoingia, mtu alipanda ngazi kuutoa. Baadaye vikapu viliondolewa, pakawekwa duara la chuma lenye wavu usio na kitako. Kikapu kilitoweka, jina likabaki.

Huko Uingereza, katika miaka ya 1890, mchezo huo ulibadilishwa kwa ajili ya wasichana wa vyuoni, na Waingereza wakaupa jina litokanalo na wavu unaoning'inia kwenye duara. Wakati huohuo, 1895, William Morgan alibuni huko Holyoke, pia Massachusetts, mchezo wa kurusha mpira juu ya wavu uliotandazwa katikati ya uwanja.

Sasa tutazame Kiswahili kilifanya nini. Mfasiri wa neno kwa neno angeuita mchezo wa wasichana mpira wa wavu, kwa kuwa ndivyo Kiingereza kisemavyo. Kiswahili hakikufanya hivyo. Wavu ulipewa mchezo ambao wavu ndio kitu cha kwanza kuonekana uwanjani, na mchezo wa wasichana ukapewa pete, kwa kuwa pete ndiyo inayolengwa. Mgawanyo huu ni bora kuliko ule wa lugha ulikotoka mchezo. Hata Chama cha Netiboli Tanzania kilipochukua jina la kutohoa, wanafunzi na walimu wao waliendelea kusema mpira wa pete. Kikapu nacho kilikubaliwa bila tabu, ijapokuwa hakuna kikapu tena, maana wasemaji wa Kiswahili wanajua kikapu ni chombo cha kutilia vitu, na mchezo ni wa kutia.

Sikio la redio

Chuo kikubwa cha maneno ya michezo kilikuwa redio. Televisheni ilianza Zanzibar katika miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chake mpaka 1994. Kwa miaka mingi, basi, mwananchi wa Nshamba aliyetaka kujua Simba na Yanga wamefanya nini alikuwa na sikio lake tu. Watangazaji wa Radio Tanzania, kama Ahmed Jongo na Charles Hilary, na wenzao wa Kenya, kama Leonard Mambo Mbotela, walilazimika kuuchora uwanja kwa maneno. Neno lisilochora halikuwa na kazi.

Ndiyo maana maneno mengi yaliyodumu yametoka katika maisha ya kawaida. Mshambuliaji anayesimama nyuma ya walinzi kabla ya kupewa pasi husemwa ameotea. Na kuotea ni kitendo cha mwindaji anayevizia. Kanuni ile, ambayo wageni huhitaji aya nzima kuieleza, imeelezwa kwa kitenzi kimoja. Mpira ukipitishwa katikati ya miguu ya mtu, amepigwa tobo. Ukipitishwa juu ya kichwa chake na kuchukuliwa nyuma yake, amepigwa kanzu, na kila aliyewahi kuvaa kanzu anajua kwa nini: huingilia kichwani. Bao ni neno lililokuwa na makao katika mchezo wa bao. Klabu mbili zilizoanzishwa Dar es Salaam miaka ya 1930 zikaitwa watani wa jadi, na hapo desturi nzima ya utani, yenye ruhusa ya kutukanana bila kugombana, ikahamia katika mpira.

Maneno ya kukopa nayo hayakukataliwa. Goli, kona, penalti, refa na kipa yaliingia na kutulia kando ya lango, mwamuzi na mlinda mlango. Mashabiki hawakuona aibu kuwa na maneno mawili kwa kitu kimoja. Mtangazaji anapokuwa na haraka husema kipa; mwandishi wa gazeti anapokuwa na nafasi huandika mlinda mlango.

Ridhaa na kulipwa

Baraza la Kiswahili la Taifa na Baraza la Michezo la Taifa ni pacha: yote mawili yaliundwa kwa sheria za 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Jambo hili lafaa kukumbukwa tunapotazama jozi ya maneno ridhaa na kulipwa.

Ridhaa ni kukubali kwa moyo, bila kulazimishwa. Mchezaji wa ridhaa ni yule achezaye kwa hiari yake, si kwa ujira. Katika miaka ya Ujamaa wachezaji wengi waliajiriwa na mashirika ya umma, reli, bandari au majeshi, wakalipwa mshahara wa kazi hiyo na kucheza kwa ridhaa. Hata mkoani Kagera, ulioitwa Ziwa Magharibi kabla ya 1979, timu iliyopata sifa katika miaka ya 1980 ilikuwa RTC Kagera, jina lililotokana na kampuni ya umma ya biashara ya mkoa. Neno ridhaa lilibeba sifa ya maadili. Kinyume chake, kulipwa, lilisikika kama neno la ugenini, karibu na lawama.

Hali ilibadilika. Ligi zikaanza kuendeshwa kwa mikataba na wadhamini, na mchezaji wa kulipwa akawa mtu wa kuonewa fahari. Neno halikubadilika hata herufi moja. Lililobadilika ni sauti ya anayelitamka. Mfasiri anayekutana na kulipwa katika gazeti la 1975 na katika gazeti la 2015 asidhani anasoma neno lenye uzito uleule.

Nshamba, mwaka 2009

Usiku wa tarehe 25 Juni 2009, mjini New York, Hasheem Thabeet, kijana mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye kimo cha mita 2.21, alichaguliwa na timu ya Memphis Grizzlies kuingia katika ligi kuu ya kikapu ya Marekani, yaani NBA. Alikuwa wa pili kuchaguliwa, nyuma ya Blake Griffin, na mbele ya James Harden na Stephen Curry, ambao majina yao yalikuja kuvuma kuliko yake. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika huko. Habari zilienea nchi nzima, na kwa mara ya kwanza baraza la duka pale Nshamba, lililozoea kugawanyika kwa Simba na Yanga, likaanza kujadili kikapu.

Mwandishi wa makala haya alikuwapo, na alijitolea kuwasomea wazee habari iliyokuwa kwa Kiingereza. Alipofika kwenye jina la utaratibu wa kuchagua wachezaji wapya, aliona neno analolijua vizuri katika kazi yake ya ofisi, akatamka bila kusita: «Hasheem Thabeet ameingia katika rasimu, nafasi ya pili.» Mzee mmoja aliweka chini kikombe chake.

«Mwalimu,» akauliza, «kijana huyo ni mtu au ni barua ya serikali?»

Watu walicheka, na walikuwa na haki. Rasimu ni maandishi ya awali yanayongoja kusahihishwa. Neno la Kiingereza ni moja, lakini maana ni mbili, na mfasiri alikuwa amenyakua ile iliyo karibu na meza yake. Kijana mmoja alijaribu kuokoa jahazi kwa kutohoa: aseme drafti. Hilo nalo lilianguka palepale, kwa kuwa hatua tatu kutoka hapo watu wawili walikuwa wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda. «Basi wamemla?» akauliza mmoja wao bila kuinua kichwa.

Ikawa lazima kueleza jambo lenyewe. Kila mwaka timu za ligi hiyo huchagua wachezaji wapya kwa zamu, na zile zilizofanya vibaya msimu uliopita hupewa, kwa njia ya kura, nafasi nzuri zaidi ya kuchagua mapema. Mzee yule akafikiri kidogo, kisha akasema huo ni uteuzi, ila ni uteuzi wa huruma, kama mama anavyomtangulizia chakula mtoto dhaifu. Uteuzi likashika. Mtu akisema kateuliwa wa pili, kila mmoja alielewa. Neno lilikuwapo tangu zamani, likiteua mawaziri na wakuu wa wilaya. Lilihitaji tu kuulizwa.

Sifa ya Thabeet ilikuwa kuzuia mitupo. Katika miaka yake mitatu katika Chuo Kikuu cha Connecticut alizuia mitupo zaidi ya 400. Hapa barazani pia hapakuwa na upungufu: vijana walisema anapangua, neno walilolijua kutoka kwa makipa. Kwa upande mwingine, neno chenga lililetwa bila uangalifu. Kiingereza hutumia neno moja kwa kumhadaa mpinzani kwa miguu na kwa kuugongesha mpira chini kwa mkono. Kiswahili kinatenganisha: kupiga chenga ni kumhadaa mtu, kudunda ni kuugongesha mpira. Mchezaji wa kikapu aweza kudunda mpira akiwa peke yake uwanjani, na asipodunda akatembea nao, amefanya kosa. Mwalimu wa michezo akiyachanganya haya, mwanafunzi hataelewa kanuni.

Kuuzwa au kuhamishwa

Mjadala mzito zaidi ulikuja baadaye. Februari 2010 Thabeet alipelekwa kwa muda Dakota Wizards, timu ya ligi ndogo. Swali la kwanza barazani lilikuwa: Memphis wameshuka daraja? Ilibidi ielezwe kwamba katika ligi ile timu haishuki. Aliyeshuka ni mchezaji. Wakasema nyota yake imefunikwa na wingu. Neno nyota lilifanya kazi mbili kwa pamoja, kwa maana kwa Waswahili nyota ya mtu ni sifa yake na pia ni bahati yake.

Kisha Februari 2011 habari zikaja kwamba yuko Houston Rockets. Memphis ilikuwa imemtoa pamoja na mwenzake mwingine, ikampata Shane Battier. Kijana aliyeleta habari alisema kama wasemavyo mashabiki wengi: ameuzwa.

Palitokea ukimya. Mzee yuleyule alisema neno hilo halimfai mtu. Alisema katika nchi hii watu waliwahi kuuzwa, wakapelekwa pwani wakiwa wamefungwa, na si vizuri kulirudisha neno lile kwa kicheko. Kijana alijibu kwa adabu, «Hapana, waitu, ni lugha ya mpira tu.» Mzee hakuridhika. Aliuliza kilichouzwa ni nini hasa: mwili wa kijana, au karatasi aliyotia sahihi?

Hilo ndilo swali la mtaalamu wa istilahi, ijapokuwa aliyeliuliza hakuwahi kuketi katika kamati yoyote. Kinachobadilishwa mikono ni mkataba. Mchezaji kwa kawaida haombwi ushauri, lakini mshahara na masharti yake humfuata huko aendako. Ndipo mwalimu mmoja wa shule ya msingi, aliyekuwa kimya muda wote, aliposema: «Basi huo ni uhamisho. Mimi nilitolewa Biharamulo nikaletwa Nshamba. Sikuulizwa, na mshahara wangu ulinifuata.» Baada ya kucheka alikiri kwamba mshahara ulimfuata kwa kuchelewa.

Tangu siku hiyo, barazani pale, Thabeet hakuuzwa tena. Alihamishwa, na alipofika Portland Trail Blazers 2012 alihamishwa tena. Uhamisho ni neno ambalo magazeti pia yanalitumia, likishindana na kuuzwa. Watumishi wa serikali watalitambua kuwa neno lao. Ubora wake si adabu peke yake. Ni usahihi pia. Linasema mtu amesogezwa na mkataba wake, bila kumgeuza bidhaa.

Mchezo ulipokaribia

Kwa Nshamba ligi ya Marekani ilikuwa habari ya mbali. Mwezi Mei 2021 mambo yalisogea. Ligi ya kulipwa ya Afrika, yaani BAL, ilifunguliwa Kigali kwa timu 12, baada ya kuahirishwa 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Kigali iko karibu sana na Nshamba kuliko Dar es Salaam. Patriots ya Rwanda ilicheza, na Zamalek ya Misri ikatwaa ubingwa. Msimu wa 2022 ubingwa ulikwenda kwa US Monastir ya Tunisia, 2023 kwa Al Ahly ya Misri, 2024 kwa Petro de Luanda ya Angola, na 2025 kwa Al Ahli Tripoli ya Libya. Majirani nao waliingia: City Oilers ya Uganda 2023 na 2024, na Nairobi City Thunder ya Kenya 2025.

Sasa mashabiki wana msimu wa kikapu wa kujadili. Neno msimu lenyewe ni safari ndefu. Pwani lilikuwa la mabaharia na pepo zao. Kagera limezoeleka katika msimu wa kahawa na msimu wa senene. Na sasa ni la ligi. Kila hatua maana ya msingi imehifadhiwa: wakati unaojulikana, unaongojwa, na unaopita.

Lakini mapengo yapo. Mpira unaogonga pete na kurudi, wengine huita ribaundi, wengine husema mpira wa kurudi. Robo ya mchezo imekubalika. Kuhesabu nako hakujatulia: pointi, alama au vikapu. Neno vikapu ndilo lenye hatari, kwa kuwa kikapu kimoja chaweza kuwa na thamani ya pointi moja, mbili au tatu, na msomaji wa taarifa atapotea. Afadhali pointi zihesabiwe, na kikapu kiwe kitendo cha kutia.

Hitimisho

Kutokana na maelezo haya twaweza kuona mambo matatu. Kwanza, maneno ya michezo yaliyodumu ni yale yaliyojaribiwa na sikio kabla ya kuandikwa. Pili, tafsiri ya neno kwa neno huleta aibu pale ambapo lugha ya kigeni ina neno moja kwa vitu viwili, kama ilivyokuwa kwa rasimu na chenga. Tatu, uchaguzi wa neno si jambo la usahihi tu. Kati ya kuuzwa na kuhamishwa kuna tofauti ya jinsi tunavyomhesabu binadamu.

Inapendekezwa kwamba orodha yoyote ya istilahi za mpira wa kikapu, kabla ya kupitishwa, isomwe kwa sauti mbele ya watu wasio na picha ya mchezo, na maswali yao yaandikwe kando ya kila neno. Walimu wa michezo, waandishi wa habari na wafasiri waombwe kuleta maneno wanayoyasikia, pamoja na mahali na mwaka. Upande wa kulia wa karatasi zetu hauko mtupu kama tunavyodhani. Mara nyingi umekwisha kujazwa barazani, na kazi yetu ni kwenda kuunakili kwa uaminifu, na kuuliza kama yule mzee: kilichotajwa hapa ni nini hasa?